Jibu Likiwapo, Fungua

Mlango wa ofisi ulifunguka saa sita mchana, ilhali dada wa mapokezi alikuwa ameandika "hapana".

Programu ya mlango ilikuwa kazi ya Bingwa, jina alilojipachika mwenyewe kwa kuwa hakuna aliyejitokeza kumpachika. Mtu akibisha, skrini ya mapokezi huuliza: Aingie? Unaandika jibu, mlango unatii.

"Umekosea kuandika, dada," Bingwa alisema bila kugeuza shingo.

"Sikukosea, kaka. Na nje hapakuwa na mtu."

"Basi unaogopa nini?"

Harufu ya nywele zilizoungua ilibaki mapokezi hadi jioni. Kesho yake mlango ukabishwa tena, taratibu, chini kabisa, kana kwamba anayebisha amelala kifudifudi. Bingwa akaketi mwenyewe ili awafunze wajinga. Akaandika HAPANA. Mlango ukafunguka, na kitu kikapita miguuni pake.

Akaikagua programu yake. Hakuwahi kuiambia itofautishe ndiyo na hapana. Aliandika tu: jibu likiwapo, fungua. Lugha ile ya programu huhesabu neno lolote kuwa kweli, hata "hapana". Patupu tu, pasipoandikwa kitu, ndipo uongo. Mwanafunzi wa wiki ya pili analijua hilo. Yeye, mtaalamu wa miaka tisa, alijaribu "ndiyo", akajaribu kuacha wazi, akaenda kunywa chai.

Wenzake wakagoma kuingia mpaka akaitwa mganga, mama mmoja mnene. Alinusa, akanong'ona: "Jini hili limejifunza kwa mlango wenu. Litauliza. Msijibu, hata kukohoa msikohoe."

Sauti nyembamba, yenye adabu, ikatoka chini ya meza: "Nikae?" Dada akauma kitambaa, mganga akafumba macho, na jini likawapitia mmoja mmoja likiwapumulia masikioni pumzi ya moto, likirudia swali lake kwa upole zaidi kila mara, mpaka likamfikia Bingwa, ambaye tangu azaliwe hajawahi kuliacha swali lipite bila kuonyesha kwamba yeye anajua, naye akafoka: "Hapana! Toka!"

Harufu ikakatika palepale.

"Mmeona?" Bingwa akatabasamu. "Ni kuliamrisha tu."

Mganga akakusanya vitu vyake bila kumtazama.

Jioni mke wa Bingwa alimpigia simu dada wa mapokezi, sauti chini.

"Wifi, mmemfanya nini huyu? Hali, hasemi mpaka aulizwe. Nimemwuliza kama ananijua, akaitikia ndiyo."

"Sasa?"

"Nikamwuliza kama yeye ni mume wangu. Amenyamaza."