Aliyelikata Kundi

Mwaka ule Manyara ilipokuwa mkoa, Babati ilijengwa kila kona, na shemeji yangu Paskasi akapata kazi ya uashi mjini. Anayebisha akamuulize mkewe, Xaveria, dada yangu wa damu. Mimi sisimulii habari za kuokota, na kwa kusimulia, hapa kwetu Nangara nzima hakuna wa kunifikia.

Paskasi alitoka kwake Sigino kila asubuhi kwa baiskeli. Na kila asubuhi, kabla hajaingia mjini, kundi la ng'ombe lilimkatia njia. Kwetu kundi la mtu halipenywi. Unashuka, wa mwisho anapita, unamsalimu mchungaji, ndiyo unaondoka. Paskasi alikuwa akisaga meno. "Hawa wanavuka au wanaenda kuoa?" Maana msimamizi wake, Halidi, alishachoka: "Baba Vailet, ukichelewa tena usishuke hata kwenye baiskeli. Geuza, rudi nyumbani."

Siku iliyofuata ukungu ulikuwa mzito. Kundi likavuka. Paskasi akasubiri. Likazidi kuvuka. Jua likaanza kuutoboa ukungu, kundi bado. Hapo ndipo akagundua kwamba hasikii kwato.

Mchungaji alikuwa mzee, kajifunika blanketi mpaka puani.

"Shikamoo, mzee. Naomba nipite."

"Subiri."

"Nafukuzwa kazi, mzee wangu."

"Subiri."

Paskasi akapiga kengele, akapenya katikati. Alishafika ng'ambo aliposikia mnong'ono sikioni, wa mdomo ulio karibu kabisa:

"Umemtenga mmoja. Atakufuata wewe."

Akakanyaga pedeli. Hakugeuka.

Kazini aliwahi. Halidi akacheka. "Leo umeniweza! Ila huyo ng'ombe wako kamfunge mbali na saruji."

Paskasi akageuka. Hakuna kitu.

Jioni, wakiwa wanakula, Xaveria akaacha kutafuna.

"Baba Vailet," akanong'ona, "nani anahema mlangoni?"

Paskasi akafungua. Vumbi tupu. Alama ya tairi la baiskeli, na juu yake kwato. Zilikuja mpaka kizingitini. Za kurudi hazikuwepo.

Alfajiri akaenda palepale, akashuka, akasimama. Barabara ilikuwa tupu. Akasubiri. Watu wakampita wakimcheka. Jua likapanda, kazi ikawa inampotea, naye akasubiri. Mwisho kitu kizito, chenye joto, kikamsugua bega. Kikapita. Majani ya bondeni yakalala, yakainuka.

Alipofika mjini, mwiko wake ulikuwa mkononi mwa mtu mwingine.

Siku hizi Paskasi anatembea kwa miguu, na akikuta hata mbuzi wawili wanavuka, anakaa chini mpaka waishe. Baiskeli kanipa mimi, maana mimi siogopi upuuzi. Usiku naiingiza chumbani, napiga komeo, nalala nayo.

Kila asubuhi naikuta siti imelambwa. Mate bado yana joto.

Na mimi sijawahi kufuga ng'ombe.