Maji Aliyoyasemea Léonie

Jumapili ile soko la Kamalondo lilijaa mpaka watu wanapita ubavu. Kwenye meza ya samaki wa mto Luapula, Léonie, kitambaa cha buluu kichwani na kitenge kimembana kiuno, alikuwa amesema mara mbili kwamba zamu ni yake. Muuzaji hakumtazama, akimfungia samaki Donat, kijana wa ateliye, karakana ya kampuni, mwenye kapitula nyeupe iliyopigwa pasi kali. Léonie hakupandisha sauti. Alilaza kikapu chake juu ya samaki wote, akakunja mikono, akangoja. Muuzaji akaacha kufunga, akainua macho.

"Sasa munanisikia?" akauliza.

Donat alicheka, akampisha, halafu akambebea kikapu mpaka kwa Honorine, shangazi yake Léonie.

"Weye unafuata samaki ao mimi?" Léonie akamuuliza njiani.

"Samaki ilishakufa. Mi nafuata mwenye iko muzima."

Walifunga ndoa kabla ya mvua, wakahamia kampi ya wafanyakazi wa kampuni, nyumba za matofali zenye milango ya kijani, zote sawasawa. Mwaka wa pili bomba la nyuma ya vyoo likaanza kutoa maji yenye harufu. Léonie alikuwa wa kwanza kusema. Majirani walimjibu kwamba ni dawa ya wazungu tu ya kusafisha maji, anywe anyamaze. Na kampi ilikuwa na sheria yake: mwanamke haingii biro, ofisi ya shefu, mzungu mkubwa wa kampi. Neno lake linabebwa na bwana yake, Jumatatu asubuhi, kofia mkononi.

Donat alilibeba. Shefu yule alikuwa na miaka kumi Katanga, na kila siku alitukana watu kwa Kiswahili safi. Lakini Donat alitaka aonekane si mtu wa porini, akatoa Kifaransa kidogo alichookota kwa katekista. Shefu akamwita karani aje asikie. Wakacheka mpaka wakafuta machozi, na maji hayakuulizwa. Ndivyo walivyokuwa wakubwa wale. Ungewaambia biro yao inaungua, wangecheka kwanza ulimi wako.

Jumatatu iliyofuata Léonie alijaza ndoo kwenye lile bomba, aende nayo biro mwenyewe. Donat alimzuia mlangoni. Shefu alishasema kwamba mwanaume asiyeweza bibi yake atarudishwa kwao.

"Nyamaza, Léonie. Utanipatisha haya."

"Mi nasema mayi, weye unasikia haya."

Akaiweka ndoo chini, akafunga nguo zake, akaenda kwa Honorine. Donat alidhani ni kiburi, kitapita. Wiki mbili alikula bukari, ugali wa baridi, peke yake, anaona uchungu kwamba bibi yake amemdharau mbele ya majirani. Siku ya kumi na tano kiburi kilichoisha kilikuwa chake. Akapiga pasi kapitula, akaenda kuomba msamaha.

Honorine alimfungulia bila kumsalimu. Alimwambia tu kwamba amechelewa kuliko treni. Ndani, Léonie alikuwa chini ya blanketi mbili, midomo imekauka, tumbo limevimba. Homa ilimshika toka siku ya tatu baada ya kufika. Miezi yote alikuwa akinywa maji yale yale aliyoyakataa kwa mdomo, maana kampi haikuwa na mengine.

Donat alimfikisha hospitali ya weusi, na Jumatatu iliyofuata akaingia biro. Safari hii alisema kwa Kiswahili, neno kwa neno, bomba gani, harufu gani, nani anaumwa. Hakuwahi kusema vizuri hivyo. Shefu aliinua mkono kabla hajamaliza: anajua, daktari amepiga simu. Saa sita bomba lilikuwa limefungwa.

Jumatano, siku moja kabla hajafa, Léonie aliamka na akili zake zote. Donat alimsimulia yote aliyoyasema kule biro, akimfuta jasho.

"Balifunga bomba?"

"Balifunga."

"Juu ya neno yako?"

Angeweza kumdanganya kwamba ni kwa sababu ya neno lake. Sista muuguzi alikuwa mbali, hakuna ambaye angejua.

"Apana. Juu ya simu ya daktari."

Léonie alimshika mkono uliokuwa ukimfuta jasho.

"Ungeniacha niende na ndoo yangu, Donat."

"Ndiyo, mama. Ningekuacha."