Beata na Swali la Nesi Loveth

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Beata aligeuza kahawa iliyoanikwa kwenye kichanja nyuma ya nyumba yao, kijijini Namswea. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya wawili, yeye na mdogo wake Placidi, na kelele zao ziliwaamsha hata majirani. Tangu malaria imchukue Placidi, Beata aliifanya peke yake, kimya.

Mama yao, Rosa, hakutaka jina la Placidi litajwe tena nyumbani. Kikombe chake alikificha, nguo zake akawagawia ndugu zao wa kijiji cha Kihagara. Si kwamba hakumpenda, jamani! Alidhani wakinyamaza, Beata atasahau upesi. Jioni alijifungia chumbani akalia, kisha akanawa uso na kwenda kusonga ugali. Beata naye aliuona ukimya ule akajiambia kwamba mama anamlaumu.

Kwani lilikuwapo jambo ambalo hakumwambia mtu. Siku Placidi alipoanza kuugua, alilalamika kwamba kichwa kinamuuma. Beata alimwambia aache uvivu, ageuze kahawa.

Basi baada ya mazishi chakula kikawa hakimpiti Beata, na usingizi ukamruka. Akaanza kugawa vitu vyake, sketi kwa huyu, kalamu kwa yule, na watu wakamsifu kwamba ana moyo mzuri. Tumbo nalo lilipoanza kumuuma, mama akampeleka zahanati.

Beata alimwamkia Nesi Loveth, muuguzi aliyehamia kutoka mkoa mwingine, na baada ya hapo hakupata nafasi ya kufungua kinywa. Alipoulizwa kama analala, mama akajibu kwamba analala vizuri. Alipoulizwa kama anakula, mama akasema anachaguachagua tu, ni minyoo hiyo. Ndivyo tulivyozoea huku kwetu, mzazi ndiye mdomo wa mtoto mbele ya daktari.

Nesi akamwomba mama asubiri nje kidogo. Alieleza kwamba kila kijana anayefika pale, hata aliyejikata kidole tu, huulizwa maswali machache akiwa peke yake. Mama akaguna, akasema yeye na mwanawe hawana siri, lakini akatoka.

Nesi alisogeza kiti karibu. Alimwambia Beata kwamba maneno yao yatabaki kuwa yao, ila maisha yake yakiwa hatarini watamwambia mama kwa pamoja. Kisha akauliza bila kuzunguka.

"Beata, siku hizi umewahi kufikiria kujiua?"

Beata aliinamia sakafu. Hakuna aliyewahi kumuuliza hata kama ana huzuni. Machozi yakamtoka.

"Ndiyo," alisema. "Mimi ndiye niliyemuua Placidi."

Akasimulia yote. Nesi hakushtuka wala hakumkaripia, na hakumwacha peke yake hata kidogo. Alimweleza kwamba malaria ndiyo iliyomuua Placidi, si neno la dada yake. Kisha wakamwita mama.

Mama aliposikia, hasira ilitangulia. "Unamuulizaje mtoto mambo hayo? Si ndiyo unamfundisha?"

"Hapana, mama," Nesi alisema kwa upole. "Swali halimtii mtu wazo la kufa. Wazo alikuwa nalo tayari, amelibeba peke yake mbele ya macho yetu."

Mama akaketi pale pale sakafuni. "Hata mimi nilimgusa Placidi siku ile, nikaona ana joto," alimwambia Beata. "Nikaenda gulioni. Nimenyamaza muda wote huu ili usahau, tena nikidhani wewe ndiye unayenilaumu."

Siku hiyo hiyo Nesi aliwasindikiza hadi hospitali ya Mbinga, na Beata akaanza kuonana na mshauri kila wiki. Hakupona mara moja. Zilikuwapo asubuhi nzito bado, ila sasa alikuwa na mtu wa kumwambia.

Jumapili moja baada ya misa, mama alitoa kikombe cha Placidi, akakiweka mezani.

"Mwanangu, nilikosea kukujibia," alisema. "Mtoto aulizwe, tena ajibu mwenyewe. Na wewe ukielemewa na jambo, usikae nalo. Mwambie mtu mzima, na asipokusikia, mwambie mwingine, hadi usikike."

Kesho yake waligeuza kahawa wawili. Mama akasimulia jinsi Placidi alivyokuwa akiiba kahawa mbivu na kunyonya utamu wake. Beata akacheka, kisha akalia, na mama hakumwambia anyamaze.