Kitufe cha "Nimeona"

Mama akiwa nyumbani, Kinda alijua hata kabla hajafumbua macho, kwa harufu ya chai. Siku nyingine chai ilipikwa na mama mdogo, naye aliichemsha mpaka ikawa chungu. Mama alikuwa rubani wa akiba: hakuwa na safari zake mwenyewe, alishika zamu ya rubani aliyeugua au aliyekwama. Mkoba wake mweusi ulikaa mlangoni daima, na Kinda aliuchukia mkoba ule kama mtu.

Jumapili moja ya mapumziko, mama alikuwa akimsuka. Kesho yake Kinda angesoma insha mbele ya wazazi shuleni.

"Utakuja, mama?"

"Nisipoitwa, nitakaa kiti cha mbele kabisa. Lakini kabla ya saa kumi na mbili jioni lazima nifungue ratiba kwenye simu nione kama kesho nina kazi. Hata siku ya mapumziko, hilo ni jukumu langu."

Mama alipokwenda kuoga, simu ikalia. Kinda akaichungulia. *Kesho, saa moja asubuhi, uwanja wa ndege.* Chini palikuwa na kitufe: *Nimeona*. Alikumbuka kiti kitupu cha mwaka jana, wenzake wakipigwa picha na mama zao huku yeye akijifanya anafunga kamba za viatu. Akabonyeza. Ujumbe ukatoweka.

"Simu imelia?" mama aliuliza kutoka bafuni.

"Tangazo tu, mama."

Basi mama akafurahi. Akatoa gauni lake la bluu, akaanza kulipiga pasi huku akiimba vibaya, kama kawaida yake. "Kesho walimu watadhani mimi ni dada yako!"

Kinda hakuweza kucheka. Mama alikuwa hatua mbili tu kutoka kwake, lakini Kinda hakuwahi kujiona mpweke namna ile. Hakuwa na wa kumwambia alichokifanya.

"Wiki iliyopita nilimbeba msichana wa rika lako," mama akaendelea. "Alisafiri peke yake kumfuata mama yake. Alikuwa na hamu, masikini!"

Kinda akamwaza mtoto mwingine, kesho, amekaa kwenye benchi akimsubiri rubani asiyejua kwamba anasubiriwa. Machozi yakamtoka.

"Mama, halikuwa tangazo."

Pasi ikasimama. Mama akafungua ratiba, akaisoma mara mbili, akaketi kitandani. Hakufoka, na hilo lilimuumiza Kinda zaidi.

"Usingebonyeza, ofisini wangenipigia simu," alisema taratibu. "Umebonyeza, wakaamini nimeona. Kesho watu wangejaa uwanjani, mimi niko shuleni nakupigia makofi. Ningefukuzwa kazi, tena kwa haki."

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe. Na mimi nina kosa langu. Ratiba naiangalia mimi, kwa macho yangu. Nilitamani mno nisiitwe, ndiyo maana nikaridhika na neno lako, sikuifungua."

Akalitundika gauni kabatini, akachukua shati jeupe la kazi. Alipomaliza kulinyoosha, akaketi tena. "Haya, mwandishi. Kiti cha mbele ndicho hiki. Nisomee."

Kinda akasoma insha yote, sauti ikikatika. Mama akapiga makofi mpaka viganja vikawa vyekundu, kisha akamvuta karibu.

"Uongo wako haukuniweka nyumbani, mwanangu. Ulinitenga nawe, nami nikiwa humu humu chumbani. Habari mbaya tuisome pamoja, halafu tuhuzunike pamoja."

Asubuhi Kinda alikunywa chai chungu, akaenda kusoma insha yake mbele ya mama mdogo. Kiti cha pembeni ya mama mdogo kilikuwa kitupu, na kilimuuma. Lakini safari hii hakuinama kufunga kamba za viatu.

Siku ya mapumziko iliyofuata, saa kumi na moja jioni, mama alikuwa bado jikoni Kinda alipomletea simu.

"Mama, njoo tuangalie."