Zamu za Mzee Abubakari

Mifuko ya mbegu ilitoweka kwa mara ya kumi katika ghala la ushirika, Kimamba. Kufuli zima, madirisha mazima. Inspekta Lea alifungua daftari la zamu, akahesabu, akatabasamu. Katika matukio kumi, manane yalitokea kwenye zamu ya mlinzi mmoja.

"Abubakari, simama," alisema mbele ya vijana wa bodaboda. Mzee wa miaka sabini akafungwa pingu bila hata kuamkiwa. "Mara nane kati ya kumi," Lea akawatangazia watu. "Hesabu haidanganyi."

Siku ya kumi na moja tangu amkamate, Lea alimhoji tena katika mahabusu ya Kilosa.

"Ulichonga funguo wapi?"

"Sina funguo."

"Mara nane, mzee."

"Mwanangu, umehesabu siku za wizi. Siku ambazo hakikuibwa kitu umezihesabu?"

Lea alilirudia daftari la zamu. Alisoma upya siku zote mia moja za msimu. Mlinzi mwingine aliugua, kwa hiyo mzee alilinda siku themanini. Themanini kwa mia, nane kwa kumi: ni fungu lake la kazi tu, si zaidi. Aibu ilimpanda Lea hadi masikioni. Angeona shimo angejifukia. Mtoto wa darasa la sita angeliona hilo.

Akaanza upya. Kufuli halikuvunjwa, nani alikuwa na funguo? Amon, msaidizi wa ghala, alizishika siku ishirini tu, bosi wake akiwa safarini. Matukio yote kumi yaliangukia humo.

Safari hii hakukimbilia pingu. Takwimu humwonyesha mpelelezi mlango wa kubisha, hazimfungulii. Alikwenda shambani kwa Amon, Munisagara, akakuta mifuko mitupu yenye namba za ghala.

"Uliitoa saa ngapi?"

"Jioni, kabla mlinzi hajafika."

"Kwa nini?"

"Mafuriko yalizoa shamba langu la bondeni mara mbili. Na mimi ndiye niliyewafundisha watu wasilime bondeni. Ningewaombaje mbegu? Niliona haya."

"Na mzee yumo ndani?"

Amon akainamisha kichwa. "Ulisema hesabu haidanganyi, afande. Nikanyamaza."

Lea mwenyewe alimfungulia mzee mahabusu. "Shikamoo, baba."

Mzee alitazama pembeni. "Kaniamkie kule uliponifungia pingu."

Wakaenda Kimamba. Mbele ya vijana walewale wa bodaboda, Lea alivua kofia, akapiga goti vumbini.

"Shikamoo, baba. Nilikosea hesabu."

Mzee alimwacha pale kitambo. "Marahaba," akasema, akaenda zake nyumbani kwa miguu.