Matandazo ya Stroberi za Babu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Ye-dam alizunguka nyuma ya nyumba na ndoo ya maji, akamwagilia mashina thelathini ya stroberi, moja baada ya jingine, chini kwenye mizizi. Bustani yenyewe haikuzidi ukubwa wa mikeka minne. Ilikuwa ya babu yake, ila Babu hakuweza tena kuifikia. Mwezi Machi kiharusi kilimwangusha palepale kwenye matuta. Upande wake wa kulia ukafa ganzi, ulimi ukawa mzito.

Tangu arudi kutoka hospitali, Babu alikataa chakula. Mama alimpikia uji wa mchele, akautia mafuta ya ufuta, akambembeleza kama mtoto. Babu alimeza vijiko viwili, akageuza uso. Kitu kimoja tu alikiulizia: stroberi zake.

"Zimetoa maua?" alimuuliza Ye-dam siku moja mwishoni mwa Aprili.

"Zimejaa maua, Babu, na matunda machanga."

"Basi weka matandazo. Tunda likilala kwenye udongo linaoza." Akapumzika, akavuta pumzi. "Plastiki nyeusi waachie wanaolima ndani ya mabanda. Pumba hupeperushwa na upepo. Weka mabua ya mpunga, makavu. Nenda kwa Bibi Maeng."

Bibi Maeng, jirani yao, alifuga ng'ombe juu kilimani na kuwalisha mabua ya mpunga. Kupandisha toroli tupu kule kulikuwa kazi. Kuliteremsha limejaa kulikuwa kazi mara mbili. Ye-dam alipomweleza rafiki yake Su-ha, huyu alicheka.

"Utakufa na toroli hilo. Si wamekata nyasi uwanjani leo? Nyasi ni nyasi. Kwani stroberi zina macho?"

Jioni ile wakajaza magunia mawili ya nyasi mbichi za uwanja wa shule, wakazirundika kuzunguka mashina, nene kama godoro.

"Umeweka mabua?" Babu aliuliza.

"Nimeweka, Babu."

"Ya mpunga?"

"Ya mpunga."

Babu akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, tabasamu la kwanza tangu Machi. Ye-dam aliona haya, lakini neno lilikwisha kutoka.

Wiki iliyofuata mvua ilinyesha siku tatu mfululizo. Ilipokatika, Ye-dam alipokewa bustanini na harufu ya uozo. Nyasi zilikuwa zimeshikamana kama tope la kijani, na alipoingiza mkono ndani alikuta zina joto. Chini yake konokono wasio na gamba walikuwa wametapakaa. Matunda ya kwanza, yaliyokuwa yameanza kuwa mekundu, yalivaa ukungu wa kijivu.

Hakumwambia mtu. Akazipunguza nyasi juujuu, akatandaza magazeti, yakalowa, yakachanika. Akamwaga jivu, likageuka uji. Kila alipotoka shule alichuma matunda yaliyooza, akayazika nyuma ya ghala. Na kila siku Babu aliuliza, "Zimeiva?" Naye akajibu, "Bado, Babu."

Babu akazidi kukonda. Siku moja Ye-dam alimsikia Mama akizungumza kwenye simu jikoni. "Daktari anasema asipoanza kula ndani ya wiki mbili, watamrudisha hospitali wamlishe kwa mrija," Mama alisema.

Ye-dam alisimama pale mlangoni. Matunda mazima yaliyobaki alikuwa ameyahesabu asubuhi ile: kumi na moja, yote mabichi. Kesho yangekuwa mangapi? Akaingia chumbani kwa Babu, akapiga magoti kando ya godoro.

"Babu, sikuweka mabua. Niliweka nyasi mbichi za shuleni. Nilikudanganya. Stroberi zinaoza, na mimi sijui la kufanya."

Babu akageuza uso ukutani. Kama angepigwa, angeona nafuu.

"Maua yapo?" Babu aliuliza hatimaye.

"Yapo machache."

"Basi kimbia kwa Bibi Maeng. Kisha uje unitoe nje."

Bibi Maeng alimsikiliza huku akiendelea kulisha ng'ombe wake. "Mama yako alinishukuru kwa mabua," alisema. "Nikajiuliza, huyu mtoto kayachukua kwa nani?"

"Nisamehe, Bibi."

"Samahani haitandazwi bustanini. Shika uma huo wa shambani, tupakie."

Waliteremsha toroli wawili, mmoja akivuta, mwingine akizuia. Babu alikaa kwenye kiti cha magurudumu kando ya matuta, akaelekeza kwa mkono wa kushoto. Ye-dam akakwangua uozo wote, akaondoa kila tunda na kila jani lenye ukungu, akauacha udongo upate hewa mpaka alasiri. Ndipo wakatandaza mabua makavu, mepesi, na kuyalaza matunda juu yake.

"Usifunike moyo wa mche," Babu alisema. "Utaukaba roho."

Mashina saba yalikufa. Yaliyobaki yalipata jua siku kumi. Siku ya kumi na moja Ye-dam alichuma stroberi tano nyekundu, akaziosha, akaziponda bakulini kwa kijiko. Babu alikula ya kwanza amefumba macho, maji yake yakamchuruzika kidevuni. Akamaliza zote.

"Uji upo?" akauliza.

Mama akaziba mdomo kwa kiganja, akakimbilia jikoni.

Bibi Maeng, aliyekuja kumjulia hali, akamgeukia Ye-dam. "Mficha maradhi, kilio humfichua. Nyasi zilikuwa kosa la siku moja, mjukuu wangu. Ungesema siku ileile, tungeziondoa kabla ya mvua. Uongo wako ndio uliozilaza pale mpaka zikaoza. Ukikosea sema mapema, wakati bado kuna cha kuokoa."

"Nimesikia, Bibi," alijibu Ye-dam, macho yake yakiwa kwenye bakuli la uji lililokuwa likiletwa.