Kochi Katikati ya Barabara

Barabara ya soko ilijaa magari, honi na watu wanaopita kwa kujibana, na katikati ya vurugu hiyo binti wa mipango miji, gauni la bluu, miwani imemshuka puani, alisimama akibonyeza kijimashine cha kuhesabia kila mtu alipopita kwa miguu. Fundi makochi akapita na sponji kichwani. Binti akabonyeza. Fundi akarudi mikono mitupu. Akabonyeza tena.

"Dada, mbona unanihesabu tena? Mimi ni yule yule."

"Kwangu kila ukipita ni mtu mpya, kaka."

"Basi ngoja nipite mpaka unichoke."

Akapita weee, hata pasipo na shughuli. Mapenzi bwana, hayana adabu. Haukupita muda wakawa wanapigiana simu kabla hata ya kunawa uso. Huyu anaitwa Mipango, yule anaitwa Fundi wangu.

Lakini lipo jambo Mipango alilifungia kifuani. Mchoro wake wa mji usio na magari uliifunga barabara ile ile yenye karakana ya mpenzi wake, na ofisini kwao ni mwiko mtu kuonyeshwa mchoro kabla ya mkutano wa wakazi. Fundi akausikia mkutanoni, kama jirani yeyote. Karakana ile ameachiwa na baba yake. Makochi yatatokaje bila gari? Akamtazama Mipango pale mbele, akainuka akatoka. Tangu hapo simu za Mipango zikawa zinaita mpaka zinanyamaza zenyewe.

Siku barabara ilipofungwa, watu walitembea wamejiachia. Fundi alikuwa mlangoni na kochi la watu wawili, msaidizi wake anaumwa, gari la mteja linasubiri mwisho wa mtaa. Mipango akatokea, akavua viatu vya visigino, akashika upande mmoja.

"Nani kakuita?"

"Inua. Tutagombana tukitembea."

Wakainua, na kweli wakagombana.

"Ulikuwa unakula kwangu huku unajua."

"Ningekuambia, majirani wangesema nimekupendelea."

"Siri yenyewe sikuitaka. Ungesema tu, 'Mpenzi, kuna jambo siwezi kukuambia.' Ningesubiri."

Machozi yakamlengalenga Mipango. "Nilikosea. Nimekukosa mpaka chakula hakipiti."

"Hata mimi nimekonda."

"Umekonda wapi? Umekuwa mvivu tu, uzito wote wa kochi umeniachia mimi."

Fundi akacheka bila kutaka. Wakalitua katikati ya barabara, wakalikalia. Wapita njia wakawazunguka wakitabasamu.

"Tangu asubuhi watu wanachungulia karakanani," Fundi akakiri. "Zamani walipita mbio." Akaushika mkono wake. "Mipango, nikuoe?"

Kabla hajajibu, simu ya Fundi ikalia. Ni mama mwenye kochi.

"Kijana, kochi langu liko wapi?"

"Liko barabarani, mama. Kuna mtu nimemposa juu yake, bado hajajibu."

"Hebu mpe simu." Mipango akapokea. "Mwanangu, mkubalie basi. Mimi nina wageni."

Mipango akajifuta uso kwa kiganja, akamtazama Fundi wake.

"Nimemkubali, mama. Ila tuvumilie kidogo, bado tumelikalia."